Mkunga na Mtoto Ambaye Hakulia

Ndugu zangu, wekeni simu pembeni kidogo, nina habari ya mkunga mmoja.

Mkunga huyu alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika zahanati ya huko milimani. Akina mama walimpenda. Mwingine anafika uchungu umeshamshika, anaambiwa hayupo, anasema, "Namsubiri." Kisha mwaka jana, wakati wa kupanda, mtoto mmoja akamfia mikononi. Alifanya kila alichojua. Wakubwa wake wakachunguza, wakamwambia hana kosa. Lakini kichwa chake hakikukubali. Kila alipovaa glovu kilimwambia: "Huyu naye utamuua." Akawa anawasukumia wenzake wajawazito, yeye anabaki kupanga dawa kabatini.

Basi siku moja mchana, mvua imekata barabara, mwenzake amekwama ng'ambo ya mto, akaletwa binti kwa machela ya miti. Mimba ya kwanza, mtoto yuko njiani. Katika zahanati nzima walikuwepo wafanyakazi wawili tu: mkunga, na mama anayefua mashuka.

Mkunga akasikiliza moyo wa mtoto. Mapigo yalikuwa yanapungua. Akatoka hadi kwenye karo la kunawia, akashika ukuta.

"Siwezi," akasema. "Nikifumba macho namwona yule mtoto. Nikifumbua, namwona."

"Pole, Sista," akajibu mama wa mashuka. "Lakini yule ni wa mwaka jana. Huyu wa leo ni mwingine, na bado yu hai. Hebu nawa mikono kwanza. Nawa polepole."

Akafungua bomba. Maji ya milimani, baridi kwelikweli! Akayasikia yakipita vidoleni, akasikia harufu ya sabuni, akavuta pumzi hadi tumboni, akaishusha. Ile sauti ikasema tena, "Utamuua." Hakugombana nayo. Akaiacha iseme, yeye akarudi kwenye maji.

"Sasa niambie," akasema mama wa mashuka, "ni mtoto gani mwingine unayemkumbuka?"

Akamjia akilini mmoja, aliyezaliwa na ngumi shavuni kama mzee anayewaza. Halafu mapacha wa mke wa seremala, ambao baba yao alicheza uani na ndoo kichwani. Halafu yule aliyepiga chafya kabla ya kulia, chumba kizima kikacheka, hata mzazi mwenyewe. Wakaja kumi, wakaja mia. Jamani, walikuwa wapi muda wote huo? Walikuwepo! Ni yeye tu hakuwa amewaita.

Akarudi kitandani. "Mwanangu, niangalie mimi. Sukuma!"

Kichwa kikatoka, kitovu kimezunguka shingo mara mbili. Akakizungusha kile kitovu, akakitoa shingoni. Mtoto akaja mlegevu, amebadilika rangi, kimya. Mnaona? Kimya kilekile cha mwaka jana! Hofu ikarudi, lakini safari hii ilikuta mikono iko kazini. Akamfuta, akamsugua mgongo, akampa pumzi kwa kile kimpira cha kupulizia. Hakuna kitu. Akaendelea. Akaendelea.

Ndipo mtoto akapiga yowe, hata mbwa aliyelala nje chini ya ghala akatoka mbio! Mama wa mashuka akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Msiniambie alimsahau yule mmoja aliyekufa. Hadi leo anamlilia. Alichokataa ni mmoja huyo kuwanyamazisha mamia walio hai.

Na sisi je? Kila mmoja wetu hapa ana siku yake moja mbaya. Tumeipa kiti cha mbele, inatuhubiria kutwa kucha, nasi tunaitikia amina! Ni kweli ilitokea. Lakini nani alikulisha mwaka ule wa njaa? Nani alikuinua kitandani walipokwisha kukukatia tamaa? Mbona hayo huyapi nafasi ya kusema?

Haya, vuta pumzi. Sikia miguu yako ilipokanyaga. Uko hapa, uko hai, na Mungu yuko hapa. Sasa mgeukie jirani yako, umtajie jema moja ulilotendewa. Kwa sauti, wasikie hadi walioko barabarani!