Kikombe Kimoja cha Hurwali

Haya, sogeeni karibu. Mwenye roho nyepesi aondoke sasa, maana hadithi hii haina harusi mwishoni.

Hapo kale, katika milima ya Waluwi, Kiluwi kilikuwa kimeanza kuwatoka watu vinywani. Vijana walisema lugha ya watawala, maneno ya mababu yakabaki kwenye sala na vigae vya udongo. Huko waliishi Muwiya, mwanamke aliyejua kusoma vigae. Na kaka yake, jina lake Zidi, mwimbaji wa madhabahuni. Na Lalaya, mjane wa ndugu yao, mwanamke asiyeogopa kitu. Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja. Homa ikaingia, ikawalaza watoto wote watatu.

Muwiya alikuwa na kigae cha bibi yake, kilichoandikwa kwa lugha ya watawala, chenye dawa ya homa hiyo hiyo. Chemsha, koroga, nywesha kikombe kizima. Chemsha nini? Hurwali. Mbele ya neno palichorwa michoro miwili ya mshazari mfano wa misumari, alama ya waandishi ya kuonyesha kwamba neno ni la Kiluwi na wameliacha lilivyo. Akakigeuza kigae juani, akaupapasa udongo uliolika, mpaka akaigundua alama ndogo ambayo waandishi huweka kwenye majina ya mimea.

"Ni mmea!" akasema, kisha akaangua kilio. "Mmea gani sasa? Mwanangu anakufa, nami nimeshika jina tupu."

Zidi alishtuka. Jina hilo alikuwa akiliimba tangu utotoni katika sala ya alfajiri, bila kujua maana yake. Akaimba polepole, dada yake akifasiri maneno yanayojulikana: jiwe, ufa, maziwa. Basi ni mmea wa kwenye nyufa za mawe, wenye utomvu mweupe. Wakapanda jabali, wakarudi na mimea ya namna mbili, yote ina utomvu mweupe. Na mimea ya utomvu mweupe, kila mchungaji alijua, mingi ni sumu.

Lalaya naye homa ilikuwa imeshamwingia. "Leteni, nionje mimi."

"Shemeji, utakufa!" Zidi akasema.

"Na mwanangu je?"

Wakaichemsha kila mmoja kando, Lalaya akanywa wa kwanza. Ukamchoma koo, sauti ikapotea moja kwa moja. Akanywa wa pili. Jasho likamtoka, homa ikashuka. Hurwali ikajulikana.

Lakini ilibaki ya kikombe kimoja tu. Waliporudi jabalini, theluji ilikuwa imeshafunika kila kitu. Na kugawa hakufai, pungufu ya kikombe ni kazi bure.

"Bila kigae changu mngechemsha nini?" Muwiya akauliza.

"Na bila sala yangu ungekaa ukilia na kigae chako," Zidi akajibu. "Nisamehe dada. Ni mwanangu."

Lalaya hakuweza kusema. Alijigusa koo, akamnyooshea kidole mtoto wake.

"Shemeji, wewe chako umeshakunywa," Zidi akasema.

Kikombe kilikuwa mikononi mwa Muwiya. Watoto wote watatu alishawabeba mgongoni, wote humwita mama. Siku ile alitamani asingejua kusoma kabisa.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msiinamishe vichwa. Mngemnywesha mtoto wa nani? Na wale wazazi wawili wengine, mngewatazamaje usoni?