Sura ya Tunu

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ambayo simu zilikwisha kufika mlimani, palikuwa na fundi cherehani wa Usambara aitwaye Mwajabu. Nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki sitakimaliza mimi. Mtakimaliza ninyi.

Mwajabu alikuwa na mume, Mngoya, na mtoto mmoja, Tunu, wa miaka miwili. Baba yake Mwajabu, Mzee Shekiondo, alisifika kwa kiburi: ukipishana naye njiani, hakusalimu mpaka umsalimu. Watu hawakujua kwamba nyuso zao hakuziona. Katikati ya macho yake palikuwa na ukungu, kama ulivyokuwa kwa mama yake mzazi. Hakumwambia mtu. Ulipoanza alikuwa na binti wa kuoza, na nani angeposa kwenye ukoo wa vipofu?

Mwajabu akapata kazi ya kushona Muscat. Nyumba yao ilikuwa imekwama kwenye lenta, bila paa, mwaka wa tatu, kwa hiyo Mngoya alifurahi kuliko yeye.

Kabla ya safari alitakiwa kupimwa. Hospitalini akasoma herufi zote za ukutani, hata zile ndogo za chini. Kisha Elinami, mwanamke mpiga picha za macho, akamkalisha mbele ya mashine.

"Weka kidevu hapa, dada. Tazama hiyo taa ya kijani. Usipepese."

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Kwenye picha, chembe zake huonekana kama mstari mweupe ulionyooka. Mstari wa Mwajabu, pale katikati, ulikuwa umeanza kukatikakatika. Elinami aliuona. Lakini kusoma picha ni kazi ya daktari, na daktari alikuwa safarini.

"Kuna tatizo?" Mwajabu akauliza.

"Daktari ndiye atakayesema. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Mimi naondoka Jumapili."

Elinami akaivuta fomu ya safari. Fomu iliuliza habari za herufi tu. Akagonga mhuri.

Jumamosi moyo ukamsuta, akapiga namba iliyokuwa kwenye faili. Akapokea Mngoya.

"Naomba kuongea na Mwajabu. Arudi leo hii, nimwonyeshe picha yake."

Mngoya akamtazama mkewe, aliyekuwa jikoni akikaanga maandazi ya njiani.

"Ameshaondoka," akasema, akakata simu.

Jioni ile Mwajabu akaenda kumuaga baba yake. Mzee akamshika mashavu, akageuza kichwa upande ili amwone kwa ukingo wa jicho.

"Baba, mbona unanitazama kama kuku?" Mwajabu akacheka.

Neno likamfika mzee kooni. Akalimeza. "Safari njema, mwanangu."

Miaka miwili ya mkataba ikaisha, akaongeza miwili. Nyumba ikapauliwa. Tunu akawa anakuja kwa picha za simu: amerefuka, ameng'oka meno, amevaa sare ya shule. Mwaka wa nne uso wake ukaanza kufifia. Mwajabu akasema simu ni mbovu, akanunua nyingine. Nayo ikafifia. Sindano zikaanza kumchoma vidole.

"Nenda kapimwe," mwenzake wa chumbani akamwambia.

"Wakijua watanirudisha," akajibu, akaongeza miaka miwili tena.

Aliporudi, watoto wa mtaa mzima walijaa uani. Mwajabu akapiga magoti, akamkumbatia mmoja kwa nguvu, akilia, "Tunu wangu! Tunu wangu!"

Nyuma yake sauti ndogo ikasema, "Mama, mimi niko huku."

Wiki ile ile wakampeleka hospitali, na Mzee Shekiondo akataka kwenda nao. Daktari akaziweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Mstari uliokuwa umekatikakatika sasa haukuwapo kabisa pale katikati. Ni ugonjwa wa kurithi, akasema. Pembeni ataendelea kuona. Sura ya mtu hataiona. Dawa haipo, na wakati ule pia haikuwapo.

"Lakini wakati ule nilikuwa naona," Mwajabu akasema. "Ningejua, nisingekwenda. Ningekaa nimtazame mwanangu."

Elinami, aliyekuwa kando ya mashine, akavua miwani. "Kosa ni langu. Niliona, nikajificha nyuma ya mhuri."

"Hapana, dada," Mngoya akasema. "Wewe ulipiga simu. Mimi ndiye niliyekata. Mke wangu alikuwa hatua tano kutoka niliposimama."

"Wewe ulijua kuna picha tu," Mzee Shekiondo akasema. "Ugonjwa hukuujua. Mimi niliujua kabla hata hujamposa, nikamwacha aende."

Mwajabu akatikisa kichwa. "Na mimi, baba? Simu ya pili ilipofifia, nilijua si simu. Bado machoni palikuwa na mwanga kidogo. Nikaogopa kurudi mikono mitupu."

Kisha Mwajabu akauliza, "Sasa niambieni, mwanangu anafanana na nani?"



Haya, wasikilizaji wangu. Mmoja aliona akanyamaza, mmoja aliambiwa akaficha, mmoja alijua tangu zamani akameza neno, na mwenyewe alihisi akaogopa. Je, nani aliyemnyima Mwajabu sura ya mwanawe?