Nani Aifunge Kanga ya Mwanamvua?

Sogeeni, wenye masikio; asiye nayo aazime kwa jirani.

Pale Ngamiani, Tanga, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Chausiku, jirani, alijaliwa mikono: alichambua mchele gizani asiache chembe ya mchanga. Siwema alijaliwa macho: hata mimba changa aliiona kabla ya mwenyewe. Hamdani alijaliwa subira. Huyo hata chai aliisubiri ipoe yenyewe.

Hamdani alikuwa mume wa Mwanamvua, dada yake Siwema, mtoto wa Bi Sichana. Mwanamvua alifia ukweni kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Bi Sichana aliumia mara mbili, maana mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwa mama yake, na mwanawe hakuja. "Alinidharau," alisema moyoni.

Nguo za marehemu ziligawiwa kama ada, isipokuwa doti moja ya kanga, ile aliyojifunga siku ya harusi. Bi Sichana aliificha chini ya godoro. Mtaa ulimsema mpaka ukachoka, na mtaa wetu hauchoki upesi.

Kingine kilichobaki ni video ya harusi, ndani ya kompyuta kuukuu ya marehemu. Simu ziliikataa kwa uzito. Kwenye kompyuta ilicheza kwa kukwamakwama: Mwanamvua anamgeukia mama yake mlangoni, anafungua kinywa, picha inaganda, halafu huyoo, yumo garini. Siku yenyewe Bi Sichana alikuwa akilia kwa sauti, hakusikia kitu.

"Atakayemfanya mwanangu aseme," alisema, "kanga ile ni yake."

Chausiku akaja na brashi. Alipofungua kompyuta akakuta feni imejifunika vumbi gubigubi. "Shoga, hii ina pumu! Ikipata joto inazembea." Akasafisha kila upenyo. Picha ikaacha kuganda, lakini sauti ilibaki nyuma: kinywa kinasema, zumari ndilo linalosikika.

Siwema akakodolea macho kioo. "Mama, humu zimewashwa programu chungu nzima! Ni kupika vyungu kumi kwa jiko moja." Akazifunga, na zile zinazojiwasha zenyewe akazizuia. Sauti ikaungana na kinywa. "Mama, usi..." Ikakatika.

Hamdani alibisha hodi kama mgeni. "Shikamoo, mama. Video hii ni kubwa, kompyuta haiiwezi. Naweza kuipunguza, ila sura yake itafifia kidogo."

"Sura yake naijua, baba. Nimeizaa mimi."

Akakaa kutwa nzima, kompyuta ikisaga polepole.

Jioni wakaketi wote. Mwanamvua akageuka, sura kama iko nyuma ya mvuke, akasema bila kukatika: "Mama, usilie. Nitakuja kujifungulia kwako."

Bi Sichana akashika kifua. "Kumbe alitaka kuja! Mbona basi hakuja?"



"Tuligombana mimi naye," Siwema alisema. "Nikamwambia Chausiku pale bombani: akija yeye, mimi natoka."

"Nami nikampelekea maneno," Chausiku akalia. "Na chumvi nikatia."

"Akaniuliza afanye nini," alisema Hamdani. "Nikamwambia, subiri kwanza, hasira zipoe."

Uchungu haukusubiri.

Bi Sichana akaenda chumbani, akarudi na kanga. Bado ilinukia udi. Akaipakata kama anavyopakatwa mtoto. "Nimeahidi," akasema. "Njooni mchukue."

"Mpe Siwema, shoga. Ni damu yake."

"Mpe mumewe, mama."

"Mimi? Mpe aliyeanza kusafisha kompyuta."

Watatu waliomrudishia mama sauti ya mwanawe, ndio waliomfungia mwana njia asije. Bila mmoja wao, mama asingesikia. Bila mmoja wao, pengine mwana angekuja.

Haya, nyie mliokaa hapo mmejiinamia, msinitazame mimi. Ahadi imeshatoka kinywani, na kanga iko mapajani kwa Bi Sichana. Mngemfunga nani kanga hiyo? Au mngeirudisha chini ya godoro? Je, wewe ungeamua vipi?