Mshenga Aliyetumwa na Mashabiki

Isome hii mpaka mwisho kabla hujaituma kwa mwingine, hasa kama kwenye simu yako kuna ujumbe unaouona kila siku na unaogopa kuufungua.

Palikuwa na mwanamke mmoja jijini Mbeya, jina lake Subilaga, mtengenezaji wa gemu za kwenye simu. Msicheke, kuna watu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Yeye na wenzake wachache walikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na humo ndani walitengeneza gemu iliyoitwa Sekela wa Bondeni. Ikapendwa kuliko walivyotarajia.

Gemu yenyewe ilikuwa rahisi. Sekela ni msichana mchunga ng'ombe ambaye mdogo wake ametekwa na kuvushwa mto. Unamsaidia kupita msituni, kuwahadaa walinzi na kupanda milima, hadi anafika juu ya kilima cha mwisho. Kutoka pale anauona mto, na ng'ambo yake anamwona mdogo wake akimpungia mkono. Hapo hapo gemu inakwisha.

Watu walipagawa. Wanafunzi, makondakta, wauguzi wa zamu, hata mchungaji mmoja alikiri mbele ya waumini kwamba amewahi kumwombea Sekela avuke salama. Mashabiki wakaanzisha kundi lao la mtandaoni, na kwa kuwa sisi hatuwezi kukaa watu watatu bila kuchagua uongozi, wakawa na mwenyekiti, katibu na kamati ya nidhamu.

Subilaga aliwaahidi kwamba sehemu ya pili ingetoka Pasaka. Pasaka ikapita. Akasema Sabasaba, nayo ikapita. Akasema Nanenane, watu wakakesha na simu mkononi, wakaambulia patupu. Kila mara aliandika maneno yale yale: "Tunakamilisha marekebisho madogo."

Hayakuwa madogo hata kidogo. Mto ulikuwa umewashinda. Kila Sekela alipofika katikati ya maji, gemu iliganda na kujizima, na ukiifungua tena unamkuta amerudi kule kilimani na kila ulichokusanya kimepotea. Gwamaka, fundi wao mkuu wa programu, alikuwa amehangaika nao miezi na hajajua kwa nini. Subilaga aliona aibu kuwaambia watu kwamba hajui, akaona afadhali ataje tarehe.

Baada ya Nanenane matusi yakamwagika. "Tapeli mkubwa." "Sekela atazeekea kilimani." Mwingine akaandika, "Siku nikikutana naye mjini atanitambua." Hilo la mwisho lilimkosesha usingizi. Kwanza Subilaga alilizima kundi lisimpigie kelele, kisha akajitoa kabisa. Akaacha kupokea namba asizozijua. Akawa anakwenda kazini kwa njia za uchochoroni, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, na kila anaposikia mtu nyuma yake anaharakisha mwendo, anajitosa duka lililo karibu.

Alhamisi moja Gwamaka alimletea simu yake. Binamu yake, aliyekuwa kwenye kundi, alikuwa amemtumia tangazo la mwenyekiti: "Jumamosi asubuhi tunakusanyika kituo cha mafuta, halafu tunakwenda ofisini kwa Subilaga. Maandishi yametosha."

Subilaga alisoma mara mbili, akakaa.

"Dada, nimpigie huyu mwenyekiti nimuulize wanakuja kwa lipi?" Gwamaka akauliza.

"Usithubutu! Ukimpigia atajua tupo."

"Si wanajua tupo? Ofisi ina kibao nje."

"Gwamaka, nisikilize. Gemu tunaiachia Jumamosi saa nne."

Gwamaka alimtazama akidhani anatania. "Hivi hivi ilivyo?"

"Hivi hivi ilivyo. Wakifika hapa watakuwa nayo mkononi. Nani anampiga mtu aliyempa anachokitaka?"

"Na wakifika mtoni?"

"Kushuka kilima mpaka wafike mtoni kutawachukua siku nzima. Watakuwa wameshaondoka hapa. Tutarekebisha baadaye."

"Dada, mtu akishaifuta kwenye simu yake kwa hasira, harudi kuangalia kama umerekebisha. Hii ni kazi yetu ya miaka mitatu. Tukiitoa mbovu hatuna nyingine."

Lakini Subilaga hakuwa anasikia tena. Alikuwa anaona watu wakipanda ngazi. Gwamaka, kwa shingo upande, akaitega gemu ijitume yenyewe Jumamosi saa nne kamili kwa wote walioiagiza. Kabla ya hapo, alisema, kubonyeza mara moja tu kungetosha kuizuia. Ikishapita saa nne, basi.

Jumamosi ikafika. Subilaga alikuwa nyuma ya pazia tangu asubuhi, chai imepoa bila kuguswa. Walipotokea kwenye kona, alirudi nyuma hatua moja. Walikuwa kundi zima, wanawake kwa wanaume. Mbele yao alitangulia mwanamume mnene aliyevaa koti lililomzidi ukubwa, ana fimbo. Nyuma yake kijana mrefu alibeba kreti begani.

"Wamebeba chupa, Gwamaka! Na fimbo!"

Gwamaka akachungulia. "Ni kreti la soda, dada. Chupa zimejaa."

"Basi zitaumiza zaidi."

Hodi ikapigwa. Waliopanda walikuwa wawili tu, yule wa koti na yule kijana wa kreti. Wengine walibaki chini mbele ya duka la vipuri. Gwamaka ndiye aliyefungua, kwa sababu bosi wake hakubanduka dirishani. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake na kuuweka mkono karibu na kitufe. Ilikuwa robo saa kabla ya saa nne.

"Mugonile!" akasalimu yule mwanamume kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kujaza chumba.

"Ndaga, baba. Karibuni," Subilaga akajibu, akishika ukingo wa meza.

"Mimi naitwa Asajile. Ni mshenga. Nimeozesha nusu ya Uyole, na hiyo nusu nyingine wanajuta kwa kutonituma. Huyu ni mpwa wangu Lusajo, mwenyekiti wa hao waliopo chini. Wameniomba niwasemee kwa sababu wao wakisema wanaharibu."

"Dada," Lusajo akadakia, "sisi kwa kweli tulitaka tu kukwambia kwamba—"

"Lusajo!" Mshenga aligonga fimbo sakafuni. "Umenileta mimi au umekuja kusema mwenyewe? Mtu haingii kwa watu akaanza kubwabwaja haja yake kama yuko mnadani. Kwanza tujuane."

Subilaga aliisikia sentensi hiyo kama mtu aliyerushiwa kamba. Akatazama saa ya ukutani. Kumbe kilichotakiwa ni kumweka huyu mzee kwenye salamu mpaka saa nne ipite, gemu itoke, hasira ya watu igeuke furaha kabla hajaletewa shari.

"Ni kweli kabisa, baba," akasema. "Tujuane. Nyumbani hawajambo?"

Hawajambo. Watoto? Wanaendelea. Mama mwenye nyumba? Goti linamsumbua kidogo, hasa baridi hii. Subilaga akalipa pole lile goti kwa urefu ambao hajawahi kuutumia hata kwa goti la mama yake mzazi. Akauliza viazi mwaka huu vimekubali. Akauliza kama mvua imeshaonja kule Uyole. Akamimina chai, akaisahau sukari, akaifuata chumba cha pili ingawa ilikuwa palepale mezani.

Gwamaka alimfuata na kumnong'oneza, "Dada, watu wa shari hawaji na mshenga. Acha waseme. Bado naweza kuizuia."

"Wakisema sasa hivi nitawajibu nini? Kaa kwenye kompyuta yako."

Aliporudi, mshenga alishamaliza chai na kujikohoza, kile kikohozi cha watu wanaoanza jambo.

"Sasa basi, tuje kwenye lililotuleta. Katika nyumba hii tumesikia kuna binti, anaitwa Sekela. Sisi ni wachumba wake wa siku nyingi..."

Zilikuwa zimebaki dakika chache.

"Samahani baba nikukatize," akasema. "Kabla hujafika mbali, nyinyi ni wa ukoo gani?"

Ukitaka mshenga asahau njia, muulize ukoo. Uso wa Asajile uling'aa. Akaanza na babu yake, akaenda kwa kaka wa babu aliyehamia Rungwe, akarudi kwa shangazi aliyeolewa mara mbili na ndugu wawili, mmoja baada ya mwingine kufariki, na jinsi mahari ilivyosumbua. Lusajo aliinamisha kichwa. Gwamaka alimtazama Subilaga, akanyanyua kidole juu ya kitufe na kumuuliza kwa macho. Subilaga akatikisa kichwa.

Saa nne ikagonga.

Simu ya Lusajo ililia mfukoni. Kule chini zikalia nyingine nyingi kwa pamoja, kisha ukelele ukapanda hadi dirishani: "Imetoka! Jamani, Sekela ametoka!" Watu wakakumbatiana mbele ya duka la vipuri, mama mmoja akapiga vigelegele. Lusajo akatoa simu, macho yamemtoka, akaketi pale pale sakafuni na kuanza kucheza.

Subilaga alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Nanenane. Akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ameponea chupuchupu.

Mshenga hakufurahishwa. Yeye mambo ya gemu hakuyajua, na hadithi ya shangazi ilikuwa imekatwa mahali pazuri. Akaiendeleza mpaka mwisho, hakuacha hata mtoto mmoja wa ndoa ile ya pili.

"Sasa nimalizie ujumbe wangu," hatimaye akasema.

"Malizia tu, baba," akasema Subilaga kwa raha. "Ingawa mlichokuja kuchukua nimeshawapa."

"Kuchukua?" Asajile alikunja uso. "Nani kakwambia tumekuja kuchukua? Mwanangu, nisikilize. Hawa watu binti hajawachosha. Zimewachosha tarehe. Mwenye nyumba akisema binti bado anasoma, mchumba mwenye nia husubiri. Lakini mtu ukimwambia njoo Pasaka, akija unampa siku nyingine, akija tena unampa nyingine, hapo ndipo anaanza kutukana. Waliokutukana wametolewa kwenye kundi, na soda hizi wamechanga wenzao kukuomba radhi. Walikuandikia haya yote hukujibu, walikupigia hukupokea, ndiyo maana nimetumwa. Ombi lao ni moja tu. Usiwatajie tarehe tena. Kama kuna kitu kimekushinda, waambie kimekushinda. Mlee binti akomae, hata ikichukua mwaka mwingine. Wao wapo."

Subilaga alibaki ameshika birika.

"Gwamaka," akasema taratibu, halafu akapiga kelele, "Gwamaka, izuie!"

"Imeshakwenda, dada."

"Irudishe!"

"Iko kwenye simu zao."

Wote wawili wakamgeukia Lusajo. Subilaga alikuwa amepiga hesabu ya siku nzima, akasahau kwamba hawa ni watu ambao sehemu ya kwanza waliicheza mpaka wakaijua jiwe kwa jiwe. Lusajo alikuwa ameshashuka kilima. Alikuwa ukingoni mwa mto, ulimi nje kwa umakini, akitabasamu kama mtoto.

Subilaga alitaka kumwambia asimame. Alichelewa.

Sekela akatia mguu majini. Akapiga hatua, akapiga nyingine, maji yakamfika kiunoni. Ng'ambo mdogo wake alimpungia mkono. Alipofika katikati, akaganda. Simu ikawa nyeusi.

Lusajo aliipigapiga kiganjani, akaifungua upya. Sekela alikuwa juu ya kilima, mikono mitupu. Akajaribu tena, haraka haraka, mpaka majini. Ikawa vilevile.

Kule chini vigelegele vilipungua, vikawa vya mtu mmoja mmoja, vikakoma. Ikasikika sauti moja tu ikiuliza, "Na yako pia?"

"Mbona mmenyamaza?" mshenga akauliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Si mlikuwa mnashangilia?"

Lusajo aliinuka, akarudisha simu mfukoni na kumtazama Subilaga. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Subilaga kuliko matusi yote aliyowahi kuandikiwa.

"Dada," akasema, "sisi tungesubiri."

Funzo: Hofu ikikuziba masikio utawapa watu wasichokuomba na kuwanyima ukweli, ambao ndio waliokuja kuutafuta, kwa hiyo kabla hujajihami, waulize kwanza wamekuja kwa lipi.