Kila Mhusika Alipe

Palikuwa na mwanamke wa Tanga, Tunu, aliyewaongoza wenzake wanne katika mchezo wa dadu na hadithi. Kila mmoja alijitungia mhusika, huyu shujaa, yule mchawi, na programu ya simu ikawatunzia habari zao.

Siku moja akaja Bwana Kitundu, wakala wa ile programu.

"Bei imepanda. Kila mhusika alipe laki moja kwa mwezi, miaka miwili, kama mlivyosaini. Mkigoma, mahakamani."

Pesa hizo hawakuwa nazo.

"Nani kagoma, baba?" alisema Tunu. "Ila wewe unayeuuza mchezo, umewahi kuucheza?"

"Mimi? Mtu mzima?"

"Keti uwe zimwi, upigane na wahusika wetu. Zimwi lenye cheo, lakini."

Cheo kilimlegeza. Alirusha dadu la kwanza kwa haya; kufika la kumi alikuwa amevua tai, amesimama juu ya kiti, ananguruma.

"Nimewaua wote!"

"Wote kabisa?"

"Hata mpishi wao!"

"Hebu andika, usije ukakana kesho."

Akaandika, akasaini, na kwa mazoea akagonga muhuri wa kampuni.

Tunu akafunua mkataba, akasoma: "Kifungu cha tisa. Mhusika akifariki, ada yake itakoma siku hiyo hiyo, mradi wakala wetu athibitishe kifo kwa maandishi na muhuri."

"Lakini nyinyi mko hai!"

"Sisi ni wachezaji, baba. Wahusika ndio hao uliowamaliza. Kaa basi, unywe chai ya matanga."