Koleo la Svarog

Sogeeni, niwape fumbo lililomtoa jasho mungu.

Svarog, mungu wa mbingu na mhunzi wa Waslavi wa kale, alikuwa akifua jua jipya koleo lake la kubania vyuma vya moto lilipomponyoka, likaanguka duniani. Angelifuata, lakini angeiacha mivuo ya kupulizia, moto ungezimika. Kwa hasira akagonga fuawe, akaapa: "Atakayenirudishia koleo nitampa jembe hili la plau la chuma nililolifua. Na kazi ya kwanza ya koleo hilo itakuwa kumkabidhi jembe!"

Haraka haraka haina baraka. Kiapo cha fuawe hakitenguliwi, na jembe lilikuwa moja tu.

Huko chini, ambako kiapo kilisikika kama radi, ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi na majembe ya mti yalishavunjika. Palikuwa na Bi Dobrava, mwenye macho makali. Vitomir, mzamiaji asiyeogopa maji ya barafu. Na Zorka, mpasua kuni mwenye mikono yenye nguvu za ajabu.

Dobrava ndiye aliyeona koleo likitumbukia kinamasini, akapaonyesha mahali penyewe.

Vitomir alivunja barafu, akazama mara tatu, akaibuka nalo. Mpaka leo vidole vyake havina hisia.

Zorka alilizungusha juu ya kichwa, akalirusha. Bega lake likateguka, lakini koleo likafika mbinguni.

Svarog alilidaka, akabana jembe kwalo, akainama kuelekea duniani. "Haya, ni la nani?"

"Bila macho yangu wangelitafuta kinamasi kizima," alisema Dobrava.

"Mama, kunyoosha kidole nako ni kazi?" aliuliza Vitomir, meno yakigongana.

"Wewe ulilitoa majini tu," alisema Zorka. "Aliyelirudisha ni mimi."

Svarog aliguna. Wote walisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Basi limeni kwa zamu!"

"Mashamba ni matatu, Baba, na siku za kupanda ni chache," alijibu Dobrava. "Wa mwisho atavuna nini?"

"Nimefua nyota zote hizi, leo nashindwa na jembe!" alifoka Svarog. Aliulaani ulimi wake mwenyewe. Nyuma yake jua lilikuwa limeshaiva motoni, nalo koleo, kwa kiapo kile, halikuweza kulitoa mpaka likabidhi jembe.

Yuko vilevile, ameinama, mkono umechoka, na watu watatu wanamtazama. Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, maana jua linaungua.