Maji Mwiko

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana nyumba yenyewe mnaipita mkienda sokoni, palikuwa na Bi Riziki. Hakuzaa. Alilea watoto watatu wa kaka zake: Makame, Shaame na binti mwenye ulimi aliyeitwa Time. Alikuwa na chumba cha mbele kinachotazama njia, na wote watatu walikitolea macho. Makame alikuwa amechumbia, hana pa kumweka mke. Shaame alikuwa akilala kwa marafiki, leo huku, kesho kule. Time alikuwa akishonea jikoni, na nguo za watu zinanuka moshi.

Basi ukuta wa nje wa chumba hicho ukaanza kubanduka lipu, hapa kidogo, pale kidogo, na masika yanakaribia. Bi Riziki akasema, "Atakayeniponyea ukuta wangu, chumba chake. Nikishasema nimesema."

Makame akatangulia na nyundo. Akagonga taratibu, sikio ukutani. Palipolia pazito akapaacha. Palipolia kama debe tupu akabomoa. Bi Riziki akashika kichwa.

"Makame, nimekuita uuponye, wewe unauchinja?"

"Shangazi, lipu hii imeshaachana na ukuta. Ukipaka juu yake zitaanguka zote mbili."

Akaja Shaame, fundi wa lipu hasa. Akalowesha matundu, akapaka, akasawazisha mpaka huoni kiraka kilipoanzia. Tatizo lake tambuu, hakomi kuitafuna. Shavu limejaa, akainua mwiko wake ulioganda saruji, akataka maji auoshe. Akasema, "Mwiko... maji."

Mnacheka nini? Bi Riziki hakucheka. Yeye alisikia kwamba maji ni mwiko. Akaitikia, "Tumesikia, baba." Shaame akangoja maji, hayaji, akaufuta mwiko wake kwa majani akaenda zake kwenye kazi nyingine mji wa pili. Bi Riziki akatangaza nyumba nzima: asithubutu mtu kuurushia ukuta ule maji, hata tone, lipu itaharibika.

Time akasikia, akafurahi. Akajisemea, "Kumbe maji ndiyo yanaiua. Shaame chumba hakipati." Kila alfajiri shangazi akiingia kusali, Time yuko nje na kopo, anaurushia ukuta maji. Jioni shangazi akienda kwa jirani, Time na kopo tena. Mchana jua linawaka kweli kweli.

Shaame akarudi. Viraka vyote vimekaza, ila kimoja cha juu, chini ya paa, kimepasuka kama kisigino.

"Hiki mbona hamkukinywesha maji?"

"Si ulisema maji mwiko?"

"Shangazi, nilitaka kuosha mwiko wangu. Lipu mbichi isiponyweshwa inapasuka, nilidhani mnajua. Sasa hivi vya chini nani kavinywesha?"

"Mimi," akasema Time. "Kile cha juu sikukifikia."

"Ulijua kwamba inataka maji?"

"Sikujua. Nilitaka viharibike."

Haya. Shaame akakirudia kile kimoja, masika yakashuka, chumba kikabaki kikavu. Bi Riziki akatoka na ufunguo, na watatu wakamzunguka.

Makame akasema, "Bila nyundo yangu mngepaka juu ya uozo. Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa."

Shaame akasema, "Makame aliacha matundu. Mvua ingeingia mpaka kitandani. Lipu iliyoizuia ni ya mkono wangu."

Time akasema, "Na mkono wako ukaondoka bila kueleza. Nia yangu ilikuwa mbaya, nimeisema mwenyewe mbele yenu. Lakini shangazi hakuahidi chumba kwa mwenye nia njema. Aliahidi kwa mwenye kuuponya ukuta."

Bi Riziki akamtazama Time, akataka kumfukuza na akataka kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Mpaka leo hajaamua, na mahari ya Makame imeshapelekwa.

Basi nawaachia nyinyi. Ufunguo ni mmoja. Je, nani alistahili: aliyebomoa, aliyepaka, au aliyekusudia kuharibu akaponya?